Maswali ya Wasomaji: Medalioni, ya Shingoni Hadi ya Boneti ya Teksi

Safari hii maswali tisa yanahusu neno moja. Tumeyaweka pamoja kwa sababu ukishajua jibu la kwanza, mengine yanafunguka kwa urahisi zaidi.

Swali: Nimeona watu wakiandika "medalioni", wengine "medali kubwa", wengine "nishani ya mviringo". Lipi ni sahihi, na neno hili liko ngeli gani?

Andika *medalioni*. Ni neno la mkopo kama *medali* lenyewe, na liko ngeli ya I-/ZI-: medalioni hii imechakaa, medalioni hizi zimechakaa. Hakuna haja ya "mamedalioni".

Asili yake ni Kiitaliano. *Medaglia* ni medali, na wanaisimu wengi huirudisha kwenye neno la Kilatini *metallum*, yaani madini. Kiambishi -one cha Kiitaliano hukuza kitu, kama sisi tunavyotoa *joka* kwenye nyoka na *jitu* kwenye mtu. *Medaglione* basi ni medali iliyokuzwa. Wafaransa walilifanya *médaillon*, na kwao likaja kumaanisha hata kidani kidogo kinachofunguka na kuhifadhi picha. Kutoka huko likaingia Kiingereza na kusambaa.

Kwa mfasiri, kosa kubwa ni kutafuta tafsiri moja ya kutumia kila mahali. Neno hili lina matawi mawili. Tawi la kwanza ni la umbo: kitu cha duara au yai, kikubwa kiasi cha kubeba pambo moja katikati. Tawi la pili ni la haki: kibati au muhuri unaoonyesha kwamba aliyenao ameruhusiwa jambo fulani. Kabla ya kutafsiri, uliza sentensi inazungumzia umbo au haki. Ukikosea hapo, nyama iliyokatwa duara itageuka nishani na kibali cha teksi kitageuka pambo.

Swali: Tofauti ya medali, medalioni, nishani na kidani ni ipi hasa?

Nishani hutunukiwa mtu kwa utumishi au ushujaa. Mara nyingi ina utepe na daraja, na umbo lake laweza kuwa nyota au msalaba. Medali ni kipande cha madini, kwa kawaida duara, kinachotolewa kwa ushindi au kwa kumbukumbu. Kidani huvaliwa shingoni, kiwe na sura yoyote. Medalioni hutambulika kwa ukubwa na kwa pambo lake la katikati, na si lazima ivaliwe wala itokane na ushindi.

Mpaka kati ya medali na medalioni haujachorwa kwa wino. Medali ya Nobel ina kipenyo cha milimita 66 na uzito wa gramu 175, lakini bado inaitwa medali kwa sababu ni tuzo. Ukiwa na shaka, fuata kazi ya kitu, usipime kwa rula.

Wala si lazima medalioni iwe ya madini. Mwaka 1787 mfinyanzi wa Uingereza Josiah Wedgwood alitengeneza medalioni ndogo za udongo mgumu kwa ajili ya chama cha kupinga biashara ya watumwa. Kila moja ilionyesha mtu mweusi aliyepiga goti, minyororo mikononi, na juu yake maneno yanayouliza kama yeye si mtu na ndugu. Mwaka uliofuata nyingine zilitumwa kwa mwanasiasa Benjamin Franklin huko Marekani. Watu walizipachika kwenye bangili, kwenye pini za nywele na kwenye vifuniko vya visanduku vya ugoro. Ukiandika "medali" hapo unapotosha, maana hakuna aliyetunukiwa kitu. Kilikuwa kitu cha kuvaliwa ili kionekane na kizungumzwe.

Swali: Nimerithi medalioni ya bronzi yenye sura ya mtu upande mmoja. Nitajuaje kama ni ya zamani kweli, na niisafishe kwa nini?

Tuanze na usafi, kwa kuwa hapo ndipo vitu vingi vizuri huharibiwa. Usiisugue. Usitumie ndimu, siki, majivu, dawa ya meno wala dawa ya kung'arisha shaba. Ile rangi ya kahawia au nyeusi iliyotanda juu yake ni ngozi iliyojengeka kwa miaka mingi, au iliyowekwa na fundi mwenyewe kwa makusudi, na ndiyo inayofanya mikunjo ya uso na nywele ionekane. Ukiiondoa hairudi, na thamani ya kitu hushuka papo hapo. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu. Shika ukingo tu, ukiwa umevaa glavu za pamba, kwa sababu jasho la vidole lina chumvi na huacha alama.

Sasa namna ilivyotengenezwa. Ziko njia kuu mbili. Ya kwanza ni kusubu: fundi huchonga mfano kwa nta au mti, hutoa kalibu, kisha humimina bronzi iliyoyeyushwa. Ya pili ni kupiga chapa: kipande cha madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma na kukandamizwa kwa nguvu kubwa, kama sarafu. Iinamishe chini ya mwanga wa pembeni, utumie lenzi ya kukuza mara kumi. Iliyosubiwa ina uso wenye vitobo vidogo vya hewa, ardhi yake kuzunguka picha haijanyooka sawasawa, na ukingoni mara nyingi kuna mikwaruzo ya tupa. Iliyopigwa chapa ina ardhi iliyolala kama kioo, na herufi zake zina kingo kali.

Medali za kwanza za sura za watu katika Ulaya ya enzi ya Mwamko zilisubiwa. Inayohesabiwa kuwa ya mwanzo ni ya msanii wa Italia Pisanello, aliyemchora mfalme wa Bizanti (dola ya Roma ya Mashariki) John VIII Palaiologos karibu mwaka 1438, mfalme huyo alipokuwa Italia kwa mtaguso wa makanisa. Ina kipenyo cha karibu sentimita 10. Upande mmoja mfalme amevaa kofia ndefu yenye ncha mbele. Upande wa pili yuko juu ya farasi, akisali mbele ya msalaba wa njiani.

Nakala zake ni nyingi, na hapo kuna kipimo kizuri sana cha kuvumbua nakala. Bronzi ikipoa hunywea kwa takriban asilimia moja hadi mbili. Mtu akichukua medalioni ya asili, akaikandamiza kwenye kalibu na kusubu nyingine, nakala hutoka ndogo kidogo. Ya asili yenye milimita 100 itazaa nakala ya milimita 98 au 99, na nakala ya nakala itapungua tena. Kwa hiyo pima kipenyo kwa vernia (kifaa cha kupimia upana kwa usahihi) katika sehemu tatu, kisha linganisha na kipimo kilichochapishwa katika orodha ya makumbusho inayohifadhi ya asili. Tazama na herufi: katika nakala huwa zimevimba na kufifia, kana kwamba zimefunikwa na maziwa mazito.

Jambo la mwisho na la haraka. Ukiona madoa ya unga wa kijani kibichi mwepesi unaodondoka ukiuparuza kwa kijiti, huo ni ugonjwa wa bronzi, unaosababishwa na chumvi za kloridi zikikutana na unyevu. Hauponi wenyewe, unaendelea kula ndani. Itenge na vitu vingine, iweke kwenye kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, kisha uipeleke kwa mhifadhi wa vitu vya kale. Mifuko ya plastiki laini ya PVC nayo ni adui: hutoa tindikali polepole na kuacha utelezi wa kijani juu ya madini.

Swali: Ninatafsiri makala kuhusu dereva wa New York "aliyenunua medalioni kwa dola laki kadhaa". Alinunua mkufu?

Alinunua haki ya kufanya kazi. Hili ni tawi la pili. Katika jiji la New York, medalioni ni kibali cha gari kuwa teksi ya njano, na alama yake ni kibati cha madini kilichopigiliwa juu ya boneti. Namba yake huwa tarakimu, herufi, kisha tarakimu mbili, na hurudiwa kwenye ubavu wa gari na kwenye taa ya paa. Anayeishika ndiye aliyeruhusiwa kumpakia abiria anayepunga mkono barabarani popote mjini. Gari la programu ya simu huitwa kwanza, haliwezi kuokota mtu njiani.

Mfumo huo ulianza na sheria ya Haas ya mwaka 1937, wakati wa mdororo wa uchumi, teksi zilipokuwa zimejaa kuliko abiria. Kibali kilitolewa kwa dola 10. Baada ya Vita vya Pili idadi ilibaki 11,787 kwa miongo mingi, na siku hizi ni 13,587. Kitu kisichoongezwa huku jiji likikua lazima bei yake ipande: vibali vikauzwa kati ya watu, benki zikaviwekea mikopo, na kufikia mwaka 2014 kimoja kilikuwa kimepita dola milioni moja. Kisha magari ya programu za simu yakaingia bila kikomo kile, na bei ikaporomoka. Waliobaki na madeni ni madereva, wengi wao wahamiaji, waliokopa wakiamini wananunua pensheni. Mwaka 2021, baada ya madereva kugoma kula kwa siku 15, jiji lilikubali kudhamini mikopo iliyopunguzwa hadi dola 170,000.

Kwa tafsiri yako andika *kibali cha teksi, maarufu kama medalioni*, kisha endelea na *medalioni*. Usiandike "leseni ya udereva". Dereva ana leseni yake kando. Medalioni ni ya gari, na mwenye medalioni anaweza kuikodisha kwa dereva mwingine kwa zamu. Makala nyingi huchanganya hapo, na msomaji hupoteza kabisa uzi wa nani anadaiwa nini.

Swali: Ndugu yetu alifariki Marekani akaacha hisa. Fomu inadai "dhamana ya saini ya medalioni". Tumepeleka muhuri wa notari, wamekataa. Kwa nini?

Poleni kwa msiba. Wamekataa kwa sababu hivyo ni vitu viwili tofauti. Notari anathibitisha kwamba uliyesimama mbele yake ndiwe mwenye kitambulisho. Anayepiga muhuri wa medalioni anafanya zaidi: anajifunga kulipa hasara endapo saini itakuwa ya kughushi au aliyetia saini hakuwa na mamlaka. Ndiyo maana benki haimpigii mtu isiyemjua.

Muhuri huo hutolewa na benki, vyama vya akiba na mikopo, na kampuni za udalali wa hisa zilizojiunga na mojawapo ya mipango mitatu ya kudhamini saini: STAMP, SEMP au MSP. Muhuri una namba inayoanza na herufi, na herufi ndiyo kiwango cha fedha kinachodhaminiwa. Z, kwa mfano, hufika dola milioni 10. Hisa zikiwa na thamani kubwa kuliko herufi, fomu hurudi.

Fanyeni hivi. Kwanza, msimamizi wa mirathi aulize benki ambako yeye mwenyewe tayari ni mteja. Pili, asitie saini nyumbani. Saini iwekwe mbele ya ofisa. Tatu, abebe kitambulisho chenye picha, taarifa ya karibuni inayoonyesha thamani ya hisa siku hizi, cheti cha kifo, na hati ya mahakama inayomteua. Amuulize mapema wakala wa usajili wa hisa kama hati ya mahakama iwe ya siku za karibuni, maana wengi hukataa iliyokaa miezi. Nne, kama wasimamizi ni wawili, kila saini inataka muhuri wake. Tano, mtume fomu yenyewe, si nakala. Muhuri uliopauka, uliokatika ukingoni au uliofutwafutwa hurudishwa, kwa hiyo uangalieni kabla hamjatoka benki.

Kwa Kiswahili twapendekeza *muhuri wa dhamana ya saini*.

Swali: Mapishi yanasema "medalioni za nyama". Ni sehemu gani ya mnyama?

Si sehemu, ni mkato. Ni kipande cha duara kinachokatwa kwa kukingama kwenye mnofu mrefu laini, hasa sarara. Ndiyo sababu utakuta pia medalioni za mkia wa kamba mkubwa au za samaki mwenye mnofu mnene: umbo ni lile lile.

Kisu kianze na ule utando mweupe unaong'aa juu ya sarara. Ingiza ncha chini yake, uvute utando kwa mkono mmoja, ukielekeza makali juu ili usipoteze nyama. Ukiuacha, utanywea haraka kuliko nyama na kila kipande kitajikunja kama kikombe. Katikati hapatagusa kikaango. Kata vipande vya sentimita 3 hadi 4. Vile vya upande mwembamba vifunge kiunoni kwa uzi wa pamba ili vibaki duara na viive sawa.

Vikaushe kwa kitambaa, kwa kuwa uso wenye maji huchemka badala ya kukaangika. Tia chumvi. Kikaango kiwe cha moto sana, mafuta yakianza kutetema, na vipande visibanane. Dakika 2 hadi 3 kila upande hutosha kwa ng'ombe, kutegemea unene na upendavyo. Nyama ya nguruwe ifike nyuzi 63 katikati, kisha ipumzike dakika 3 kabla ya kukatwa. Ya ng'ombe nayo ipumzike dakika 5. Ukikata mapema, mchuzi wake wote utaachwa kwenye sahani.

Swali: Fundi ametushauri tuweke medalioni ya dari juu ya thurea (taa kubwa ya kuning'inia). Ni pambo tu, au inabeba taa?

Ni pambo, haibebi chochote. Uzito wa thurea lazima uende kwenye kisanduku cha umeme kilichofungwa kwenye boriti. Kama kisanduku kimeshikwa na ubao wa dari peke yake, rekebisha hilo kwanza.

Za zamani ni za plasta, nyingi za leo ni za povu gumu la poliyurethani. Kipenyo kikaribie cha thurea au kipungue kidogo. Tundu la katikati liwe dogo kuliko kifuniko cha taa kinachokaa darini, la sivyo utabaki na pete tupu ya dari kuzunguka kifuniko.

Kata umeme kwenye swichi kuu na uhakikishe kwa kipima umeme. Shusha taa. Paka medalioni rangi ingali mezani. Kwangua rangi inayobambuka na ufute vumbi darini, kwa sababu gundi ikishika vumbi itaachia pamoja na vumbi. Paka gundi nyuma, ibandike, kisha ipigilie skrubu zinazoingia kwenye boriti au kwenye vishikizo vya dari. Gundi pekee haitoshi hadi ikauke. Ziba vichwa vya skrubu na mwanya wa ukingoni, upake rangi tena.

Kinachosahauliwa mno ni unene. Medalioni ikiongeza sentimita 3, kisanduku kinabaki kimezama, na povu, ambalo linaweza kuwaka, linakuwa wazi kati ya kisanduku na taa. Weka pete ya kurefusha kisanduku hadi usawa wa uso mpya, na utumie skrubu ndefu zaidi za kushikia taa.

Swali: Na "zulia la medalioni"?

Ni zulia lenye pambo moja kubwa katikati, na mara nyingi robo ya pambo hilo hilo hurudiwa kwenye kila pembe. Waajemi huliita pambo la katikati *toranj*. Mfano maarufu ni zulia la Ardabil lililoko Victoria and Albert Museum, London, lenye tarehe ya mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 hadi 1540: medalioni ya manjano katikati, maumbo 16 ya yai yakiizunguka, na taa mbili zinazoning'inia juu na chini, moja kubwa kuliko nyingine. Ukinunua zulia la aina hii, kumbuka kwamba meza kubwa katikati ya chumba itafunika kile ulicholipia.

Swali: Kazini tunaambiwa tupange takwimu kwa "usanifu wa medalioni". Umbo au haki?

Hapa si umbo wala haki. Jina linaendana na ngazi za medali za michezo. Mpangilio huu umeenezwa na kampuni ya programu za data ya Databricks na una tabaka tatu. La shaba hupokea data kama ilivyokuja, pamoja na saa iliyofika na jina la faili lililoileta. La fedha huondoa marudio, husawazisha tarehe na aina za data, na huunganisha majedwali. La dhahabu hubeba majumlisho yaliyo tayari kwa ripoti.

Kosa la kawaida ni kuanza kusafisha kwenye shaba. Mtu anafuta safu zenye namba ya mteja iliyokosekana, miezi miwili baadaye inagundulika namba hizo zilikuwa kwenye faili jingine, na data ghafi haipo tena ya kurudia kazi. Tabaka la shaba liongezwe tu, lisihaririwe.